Jeni, siko seli na wajukuu ambao hawajazaliwa: maswali ninayoulizwa Jinja

Kazi yangu ni kuwapa watu majibu ya kipimo cha siko seli (selimundu), ugonjwa wa damu wa kurithi. Nina meza moja, viti vitatu na kopo la maharage ambalo nitalieleza huko mwisho. Wanaopenda kuzungumza Kiswahili huletwa kwangu: askari na wake zao, Wanubi, madereva wa malori yanayotoka Malaba, Wakongo waliofika juzi. Zamani waliuliza dawa tu. Siku hizi mtu akishasikia majibu yake anatoa simu, ananionyesha video, ananiuliza kama ni kweli wazungu wameanza kutengeneza watu. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila wiki. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayadai zaidi.

Jeni ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili, yanayosema damu iweje, macho yaweje. Kila agizo unalo mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Lile linalohusu siko seli tunaliandika A likiwa zima na S likiwa limebadilika. AA hana kitu. AS amebeba lakini haumwi. SS ndiye mgonjwa.

Ni kweli madaktari sasa wanaweza kuibadilisha jeni ya mtu?

Kweli. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza jinsi CRISPR, kitu ambacho bakteria hukitumia kujikinga na virusi, kinavyoweza kuelekezwa kikate DNA, uzi unaobeba jeni, mahali unapotaka. Mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 2019 mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, akawa mgonjwa wa kwanza wa siko seli Marekani kutibiwa kwa njia hiyo. Novemba 2023 Uingereza iliiidhinisha tiba hiyo, inaitwa Casgevy, na Desemba Marekani nayo ikaikubali.

Wengi hudhani wanaisahihisha S iwe A. Sivyo, wanapitia mlango wa nyuma. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini (kile kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni) ya aina nyingine, ambayo haiharibu umbo la chembe za damu. Akishazaliwa, jeni iitwayo BCL11A inaizima polepole. Casgevy inakata swichi ya jeni hiyo katika chembe za uboho, na himoglobini ya utotoni inarudi kazini. Lakini kabla ya kurudishiwa chembe zake, mgonjwa anapewa kemotherapia kali ya kuondoa uboho wa zamani. Nywele zinanyonyoka, mdomo unajaa vidonda, analala hospitali wiki kadhaa, na dawa hiyo inaweza kumnyima uzazi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Nilipiga hesabu kwa shilingi zetu za Uganda nikapata karibu bilioni 8, nikadhani nimekosea sifuri, nikapiga upya.

Aliyeponywa hivyo, watoto wake watazaliwa wazima?

Swali hili niliulizwa na mke wa afande mmoja, na nakiri hakuna daktari aliyewahi kuniuliza vizuri kuliko yeye. Jibu ni hapana. Kilichobadilishwa ni uboho wake. Mayai yake hayakuguswa, na bado yana S. Kila mtoto atakayemzaa atarithi S moja kutoka kwake kama vile hakuna kilichotokea. Ugonjwa umemtoka yeye, haujatoka kwenye ukoo.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Kumhariri mtu aliye hai, yaani kubadilisha jeni katika chembe zake, ni tiba. Anaelezwa, anakubali au anakataa, na yakitokea madhara anayabeba mwenyewe. Kuhariri yai, mbegu au kiinitete (mimba changa kabisa) ni kubadilisha mtoto, mjukuu, kitukuu na wote watakaofuata, na katika hao hakuna hata mmoja wa kumuuliza. La kwanza nalitaka lifike Mulago, hospitali yetu kuu ya Kampala, hata kesho asubuhi. La pili silitaki, na nitaeleza kwa nini kadiri maswali yanavyokuja.

Lakini tukiwatibu wagonjwa wakazaa, si tunazidisha jeni mbovu duniani?

Mzee aliyeniuliza hili alikuwa amevaa miwani mizito. Nilimuuliza kama baba yake angezuiwa kuoa kwa sababu ya macho. Alicheka, tukaendelea na mengine.

Kwa nini wasimhariri mtoto mapema, akiwa bado kiinitete, tukamaliza shida?

Kuna aliyejaribu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao alikuwa amewahariri jeni ya CCR5, ambayo VVU hutumia kuingia ndani ya chembe, wakiwa viinitete. Baba yao alikuwa na VVU, na lengo lilikuwa watoto wasiweze kuambukizwa. Baadaye ilijulikana kuna mtoto wa tatu. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimfunga miaka 3 na kumtoza faini ya yuan milioni 3.

Msomaji wa Uganda hahitaji profesa wa kumweleza kasoro iliyopo hapo. Nenda kliniki yoyote ya ARV siku ya wajawazito, utaona mama mwenye VVU amembeba mtoto asiye na VVU, na aliyefanya kazi hiyo ni vidonge. Baba naye akimeza dawa zake vizuri, virusi vikashuka visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mke wake. Watoto wale wa China walihaririwa dhidi ya hatari ambayo ilikuwa na kinga rahisi tayari. Isitoshe, mabadiliko yaliyotokea hayakuwa yale yale yanayojulikana kwa watu waliozaliwa nayo kiasili, bali ni mapya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishi nayo.

Na kuna jambo jingine ambalo huwa linanifanya nitikise kichwa. Watu wanaozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi wanaonekana kuumwa zaidi wakipatwa na virusi vya West Nile. Jina hilo si la mbali. Virusi hivyo vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa huku kwetu, West Nile, ng'ambo ya mto. Umefunga dirisha la VVU, umeacha mlango wazi kwa homa ya Arua.

Si tungeifuta tu hiyo S Afrika nzima?

Hili nalijibu kwa kirefu, maana linaulizwa kwa uchungu. Anayeuliza mara nyingi ameshazika.

Mwaka 1949 watafiti wawili, Lehmann na Raper, walichapisha vipimo vya makabila mbalimbali ya Uganda. Kwa Baamba wa Bundibugyo, hadi watu 45 kati ya 100 walikuwa wamebeba S. Kusini-magharibi kwenye milima ya baridi walikuwa wachache mno. Ni nchi moja na safari ya siku moja kwa gari, lakini tofauti ni kama mbingu na ardhi. Kwa nini? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa jibu: malaria. Mtoto mwenye AS hafi kirahisi kwa malaria kali. Mahali penye mbu wengi, AS walibaki hai wakazaa, AA wengi walikwenda na homa, na SS walikufa kwa ugonjwa wao. Malaria ndiyo iliyokuwa ikichagua. Huko milimani ambako mbu ni wachache, S haikuwa na kazi.

Kati ya 2014 na 2015 vilipimwa vipimo 97,631 vya watoto wachanga kutoka wilaya zote za Uganda. Asilimia 13.3 walikuwa AS na asilimia 0.7 walikuwa SS. Ramani ilikuwa karibu ile ile ya zamani: Busoga na kaskazini juu, Kigezi chini.

Sasa fikiria umeifuta S kwenye viinitete vyote vya Busoga huku madimbwi ya Iganga yakiwa bado yamejaa viluwiluwi vya mbu. Umewaondolea wajukuu SS, sawa. Umewavua na AS pia. Ngao umeitupa, mshale bado unakuja.

Geuza hesabu upande wa pili. Malaria ikiondoka, AS haina faida tena, na S itapungua kizazi baada ya kizazi bila mtu yeyote kugusa kiinitete. Watu wakiniuliza ni teknolojia gani itakayobadilisha mageuko ya Waganda na Wasoga, yaani jinsi urithi wao unavyobadilika kizazi hadi kizazi, huwa nasema ni chandarua. Wananiangalia kama nawatania.

Na S si peke yake yenye nyuso mbili. Iko jeni ya APOL1. Aina zake mbili zinazopatikana Afrika humwongezea mtu hatari ya figo kufa akirithi nakala mbili, lakini moja yao inakinga dhidi ya malale ya aina inayopatikana Busoga. Malale iliua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka ziwa letu la Viktoria mwanzoni mwa karne iliyopita. Daktari wa figo angeiita kasoro. Msoga wa mwaka 1905, kama angeweza kuiona, angeiita baraka.

Kwani kubadilisha urithi si jambo la zamani? Hata ng'ombe tunawachagua.

Ni la zamani sana. Binadamu amejibadilisha mwenyewe bila kujua: wafugaji wa Kenya na Tanzania wana mabadiliko ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa mabichi ukubwani, na hayo yalikuja kwa sababu mababu zao walifuga. Baganda hawaoani ndani ya ukoo mmoja, na ssenga (shangazi) huchunguza nyumba ya mchumba kwa makini kuliko polisi. Hapo zamani walikuwa wakiuliza: kwao kuna kifafa? Kuna ukoma? Ukoma hata haurithiwi, lakini waliuliza.

Kuhusu ng'ombe, nina shemeji Kiruhura. Aliuza karibu kundi zima la Ankole wenye pembe ndefu akaleta Friesian. Maziwa yakaongezeka, hilo siwezi kukataa. Halafu likaja kiangazi, na kupe, na bili ya dawa ya kuogeshea. Nilipomtembelea alikuwa amesimama kwenye kraal anamkuna mgongo jike mmoja wa zamani aliyebaki, akaniambia, "Huyu hajawahi kunidai chochote." Alikuwa amechagua kwa kutazama ndoo tu. Ndoo haikumwambia habari ya kupe.

Na huyo ni ng'ombe, ambaye ukikosea unaenda mnadani.

Wanaweza kumtengeneza mtoto mrefu, mweupe, mwenye akili?

Hapana. Urefu peke yake unahusishwa na zaidi ya sehemu 12,000 za DNA, na hizo zilipatikana kwa kupima hasa watu wenye asili ya Ulaya. Kuhusu weupe, anayeniuliza hivyo huwa namuuliza mimi: mweupe wa nini?

Nani anaamua kwamba kitu fulani ni kasoro?

Mwaka 1933 walowezi na madaktari kadhaa wa Nairobi waliunda chama cha utafiti wa kuboresha mbari za binadamu. Mmoja wao alipima vichwa vya Waafrika akadai ubongo wetu ni mdogo. Mwaka huo huo Ujerumani ilitunga sheria iliyofanya watu wapatao 400,000 wakatwe uzazi kwa nguvu. Wote hao walijiona wanasaidia mageuko. Walikuwa na vyeti, vipimo na maneno matamu kuhusu kizazi kijacho.

Sasa tazama kwetu. Batwa wa kusini-magharibi ni wafupi, na utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha ufupi wao una mizizi katika jeni zao. Je, ni ugonjwa? Nimewahi kumsikia mtu mwenye elimu akisema ingefaa wasaidiwe wawe warefu. Batwa walitolewa Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 misitu ilipogeuzwa hifadhi, na wanachodai mahakamani ni ardhi. Sijasikia aliyedai sentimita.

Au viziwi. Katiba ya Uganda ya 1995 inataja kukuza lugha ya alama, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa hazijalifanya. Watu wenye ulemavu wana viti vyao bungeni. Ukimuuliza kiziwi kama angependa watoto wa aina yake wasizaliwe tena, jiandae kupokea jibu kwa mikono miwili. Sisemi kila kitu kiachwe kilivyo. SS ni maumivu, nimewashika watoto wakilia usiku kwa maumivu ya mifupa, na sitamruhusu mtu aniambie ni "utofauti" tu. Ila kati ya maumivu na tofauti kuna mpaka, na anayeuchora asiwe mwenye maabara peke yake.

Dini zinasemaje?

Mimi si sheikh wala padri, na Hajati mmoja wa Bombo hunikumbusha hilo kila nikifungua mdomo. Ninachojua ni kwamba Baraza la Fiqhi la Makka lilijadili uhandisi wa jeni mwaka 1998, likaruhusu kwa kinga na tiba, likakataa kwa kuchezea nafsi ya mtu na kuboresha nasaba. Vatikani ilitoa waraka mwaka 2008: kutibu chembe za mwili wa mtu inakubalika kwa masharti, kubadilisha urithi hapana. Msikiti na kanisa zimefika karibu mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake. Ningependa kuona hivyo kwenye mambo mengine pia.

Sheria ya Uganda iko wapi?

Bunge lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwaka 2017, Rais Museveni akaurudisha. Ukapitishwa tena 2018, akakataa tena kutia saini. Ule ulihusu zaidi mazao na mifugo, lakini moja ya hoja zake ilikuwa nzito na sijaisahau: aliuliza mbona haki miliki inampa kila kitu anayeongeza jeni moja, huku jamii zilizoulea mtama au ng'ombe wa Ankole kwa karne nyingi hazitajwi. Weka binadamu mahali pa ng'ombe, swali linabaki lile lile.

Kwa utafiti juu ya watu, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lina miongozo inayodai kamati ya maadili na ridhaa, kwa lugha unayoielewa. Ipo pia sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019. Ulimwenguni, azimio la UNESCO la 1997 lilishasema kwamba kuingilia urithi kunaweza kuwa kinyume na utu. Lakini azimio halifungi mtu jela.

Damu yetu wanaipeleka wapi?

Swali zuri, na wasikufanye uone aibu kuliuliza. Kyamulibwa, huko Kalungu, watu wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 1989. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa jeni za watu wapatao 6,400 wa huko, na leo dunia nzima inautumia. Hilo ni jambo la fahari. Na vile vipimo 97,631 vya siko seli nilivyovitaja vilikuwa matone ya damu yaliyochukuliwa kwanza kwa ajili ya kuwapima watoto VVU, yakatumika tena. Matokeo yake yameokoa watoto, maana tulijua pa kuanzia. Mama waliochomwa watoto wao kisigino, hata hivyo, walikuja kwa ajili ya VVU.

Mimi mwenyewe niliwahi kutia saini fomu ya utafiti, kurasa tisa za Kiingereza, nimesimama kwenye foleni huku mtu akinionyesha kwa kidole pa kuandika jina. Mpaka leo sijui nilikubali nini. Kwa hiyo ukipewa fomu uliza mambo haya: damu itakaa miaka mingapi, itatoka nje ya nchi, nikibadili mawazo naitoaje, na ikizaa dawa, sisi tutaipata kwa bei gani. Hilo la mwisho huwa linawafanya wamwite mkubwa wao.

Na wale mbu wa Entebbe?

Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe imekuwa katika mradi wa kimataifa unaotafuta mbu mwenye jeni inayojisambaza haraka kuliko urithi wa kawaida, ili mbu wa malaria wapungue. Hiyo ni kubadilisha mageuko ya mbu, si ya mtu. Lakini rejea jibu la S hapo juu: mbu akiondoka, na sisi tunabadilika.

Sisi wote wawili ni AS. Tuachane?

Sasa kopo la maharage. Mwaka jana walikuja kijana na mchumba wake, yeye fundi wa pikipiki Bugembe, msichana mwalimu. Barua ya kanisa ilikuwa imewatuma wapime kabla ya ndoa. Nilimpa kila mmoja kikombe chenye harage moja jeupe na moja jeusi, nikawaambia wafumbe macho, kila mmoja achomoe moja. Meupe mawili ni AA. Rangi mbili ni AS. Meusi mawili ni SS. Kisha rudisheni, mchomoe tena, maana kila mimba inaanza upya. Watu hudhani wakishapata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata ni salama. Maharage hayakumbuki.

Nikawaeleza yaliyopo. Kuna wanaoachana. Kuna wanaooana na kumpima mtoto siku za kwanza, wakaanza penisilini na kinga ya malaria mapema, na haidroksiurea baadaye, kidonge cha kupunguza makali ya ugonjwa ambacho utafiti uliofanyika Mulago ulikuta hakiwazidishii watoto malaria. Kuna wenye uwezo wanaotungisha mimba maabara, jambo lililoanza Uganda 2004, kisha kiinitete kipimwe kabla ya kuwekwa tumboni. Hapo hakuna jeni inayobadilishwa, kunachaguliwa kati ya zilizopo. Kwangu ni tofauti na kuhariri, ila mtu akiniambia kuchagua nako ni kutupa wengine, sina jibu la kumnyamazisha. Nimelifikiria usiku mwingi.

Kijana alichomoa mara tatu, mara tatu jeusi. Msichana wake alikuwa ametoa jeupe, jeupe, jeusi. Hakuna aliyesema kitu. Kisha msichana akafumba macho, akavuta kikombe cha mwenzake, akaanza kuchomoa kwa ajili ya wote wawili, tena na tena, huku akihesabu kwa sauti ya darasani, mpaka mgonjwa aliyefuata akabisha mlango.

Walioana Desemba. Mtoto hajaja bado.